Euro 150 na Mlango wa Rufaa katika Mahakama za Polisi za Ufaransa

Tangu tarehe 29 Desemba 2025, dereva anayenaswa nchini Ufaransa akiwa amevuka kikomo cha mwendokasi kwa kilomita 50 kwa saa au zaidi hahesabiwi tena kuwa ametenda kosa dogo la barabarani. Sheria ya tarehe 9 Julai 2025, ile iliyounda kosa jipya la kusababisha kifo barabarani kwa uendeshaji wa hatari, imelipandisha kosa hilo ngazi: limetoka katika kundi la makosa yanayosikilizwa na mahakama ya polisi na kuingia katika makosa ya kati, yale yanayoweza kumpeleka mtu gerezani, na adhabu yake sasa inafika kifungo cha miezi 3 na faini ya euro 3,750. Wengi wameipokea habari hii kama mkono mzito wa serikali dhidi ya madereva, na hapo ndipo mjadala ulipokomea: wanaotaka barabara salama wakapiga makofi, na wanaoona dereva anaonewa wakalalamika. Pande zote mbili zimepita juu ya jambo ambalo naliona kubwa zaidi. Kosa lililoondoka lilikuwa la daraja la tano, na katika mahakama ya polisi mshtakiwa wa daraja la tano ndiye mwenye haki ya rufaa bila kujali amehukumiwa kulipa kiasi gani. Waliobaki, ambao ni umati wa madereva wa kawaida, wanaweza kutiwa hatiani, kupoteza leseni na pengine kazi, bila mahakama yoyote ya juu kuwahi kuuliza upya kama kweli walitenda kosa. Hoja yangu ni kwamba Ufaransa inaipima haki ya rufaa kwa kipimo kibovu, yaani ukubwa wa faini, wakati uzito halisi wa makosa haya umekwisha kuhamia kwingine.

Kwanza tuliweke sawa jina lenyewe, kwa sababu msomaji wa Kiswahili akisikia mahakama ya polisi anaweza kudhani ni askari wanaowahukumu raia. Sivyo. Neno polisi hapa limebeba maana yake ya zamani, ya utulivu na utaratibu wa mji, na anayehukumu ni hakimu wa kawaida aliyeketi peke yake. Sheria ya Ufaransa inagawa makosa katika ngazi tatu: jinai kubwa, makosa ya kati, na makosa madogo, na haya ya mwisho yamepangwa katika madaraja matano kulingana na faini ya juu kabisa, kuanzia euro 38 kwa daraja la kwanza, 150 kwa la pili, 450 kwa la tatu, 750 kwa la nne, hadi 1,500 kwa la tano, au 3,000 kwa baadhi ya makosa yakirudiwa. Kifungo hakimo tena tangu Kanuni mpya ya Adhabu ilipoanza kutumika tarehe 1 Machi 1994. Kwa miaka kadhaa madaraja manne ya chini yalikuwa mikononi mwa mahakimu wa ujirani, mpango ulioanzishwa mwaka 2002, lakini tangu tarehe 1 Julai 2017 mashauri yote yamerudi katika mahakama ya polisi: kelele za usiku, matusi ya faraghani, vurugu ndogo zilizomlaza mtu siku chache, na zaidi ya yote mambo ya barabarani. Polisi wanaonekana mahali pamoja tu. Kwa madaraja manne ya kwanza, anayesimama upande wa mashtaka kwa kawaida ni ofisa wa polisi wa cheo cha commissaire, huku daraja la tano likishikwa na mwendesha mashtaka wa Jamhuri. Kwa hiyo hofu kwamba mshtakiwa anahukumiwa na aliyemkamata haina msingi, na wanaopigania rufaa pana zaidi hawaisaidii hoja yao wanapoitumia.

Kiini cha jambo kimo katika kifungu cha 546 cha Kanuni ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Kifungu hicho kinasema mshtakiwa na upande wa mashtaka wanaweza kukata rufaa katika hali tatu: kosa linapokuwa la daraja la tano, hakimu anapokuwa ametamka adhabu ya kusimamishwa kwa leseni, au faini iliyotamkwa inapozidi kiwango cha juu cha daraja la pili, yaani inapozidi euro 150. Mahali ambapo mlalamikaji amepewa fidia, mshtakiwa pia anafunguliwa mlango, na mlalamikaji mwenyewe anaweza kurudi kudai haki zake za fidia. Nje ya hapo hukumu ya mahakama ya polisi ni ya mwisho, na kilichobaki ni kuomba Cour de cassation, mahakama ya juu kabisa ya Ufaransa katika mashauri ya namna hii, iichunguze kisheria tu. Maana yake ni kwamba makosa ya daraja la kwanza na la pili hayawezi kamwe kuvuka kizingiti kwa njia ya faini, kwa sababu faini yake ya juu kabisa haiipiti euro 150. Kwa daraja la tatu na la nne, kila kitu kinategemea tarakimu anayoichagua hakimu siku ile. Anayeruhusiwa kukata rufaa ana siku 10 za kwenda kutoa tamko kwa karani wa mahakama, na shauri lake linafika katika mahakama ya rufaa mbele ya jaji mmoja, rais wa kitengo cha rufaa za makosa ya kati, bila jopo la majaji watatu.

Kipimo hiki cha fedha hakikuzuka jana. Kanuni ya uchunguzi wa jinai ya mwaka 1808, ya enzi za Napoleon, iliruhusu rufaa dhidi ya hukumu za polisi pale tu zilipotamka kifungo, au pale faini na malipo mengine yalipozidi faranga 5, gharama za kesi zikiwekwa kando. Mtu aliyetozwa faranga 6 alikuwa na ngazi ya pili, na aliyetozwa 5 hakuwa nayo. Cha kustaajabisha ni kwamba sheria hiyo hiyo haikumpa rufaa mtu aliyehukumiwa kwa mauaji na mahakama ya assize, ile inayosikiliza jinai kubwa. Huyo alisubiri hadi tarehe 1 Januari 2001, pale sheria ya tarehe 15 Juni 2000 ilipoanza kumruhusu kusikilizwa mara ya pili. Naitaja historia hii kwa sababu wapo wanaosema kwamba mfumo wa Ufaransa umejengwa kwa uwiano mzuri, shauri likizidi uzito na rufaa inazidi kupanuka. Kwa muda wa karibu karne mbili ilikuwa kinyume chake: rufaa iligawiwa kwa kufuata desturi, hesabu ya fedha na idadi ya majaji waliopo, na uzito wa kile mtu alichokuwa anapoteza ukaja baadaye sana. Kama mlango wa mahakama ya assize uliweza kufunguliwa baada ya miaka hiyo yote, sioni sababu ya kuichukulia euro 150 kana kwamba imeteremshwa kutoka mbinguni.

Ulimwengu wa mwaka 1808 ulikuwa na faini na kifungo, basi. Tangu tarehe 1 Julai 1992 dereva wa Ufaransa ana leseni ya pointi. Leseni kamili ina pointi 12, na dereva mpya anaanza na 6. Kushika simu mkononi wakati wa kuendesha kunaondoa pointi 3, kupita taa nyekundu kunaondoa 4, na kuvuka kikomo kwa zaidi ya kilomita 20 lakini chini ya 50 kunaondoa kati ya 2 na 4. Yote haya ni makosa ya daraja la nne, ambayo faini yake ya papo kwa papo ni euro 135. Pointi zikiisha leseni inabatilika, na mwenyewe hawezi kupata nyingine kabla ya miezi 6 kupita. Sasa kuna jambo moja la kisheria ambalo ndilo mzizi wa tatizo lote: hakimu wa mahakama ya polisi hatamki kuondolewa kwa pointi. Pointi zinaondolewa na wizara ya mambo ya ndani, zenyewe, mara tu hatia inapokuwa ya mwisho, au mtu anapolipa faini ya papo kwa papo bila kubisha. Kwa sababu si adhabu iliyotamkwa na hakimu, pointi hazimo katika mizani ya kifungu cha 546. Hakimu akisimamisha leseni kwa mwezi mmoja, rufaa ipo. Hakimu asiposimamisha chochote, akatamka faini ya euro 150, na kwa hukumu hiyo leseni ikafa kabisa, rufaa haipo.

Nimewahi kukaa kwenye benchi la nyuma la chumba cha mahakama ya polisi, katika mji ambao sitautaja, nikamsikiliza kijana wa kusambaza vifurushi ambaye askari alikuwa ameandika kwamba alimwona na simu mkononi. Alieleza kwamba kitu kile kilikuwa kifaa cha kusomea lebo za vifurushi, akakitoa mfukoni, cheusi, kimechubuka pembeni, chenye kamba ya kuvalia mkononi, na akaweka mezani karatasi iliyoonyesha kwamba simu yake haikupiga wala kupokea wakati ule. Hakimu alizisoma karatasi kwa makini, akasema kwamba kutopiga simu si sawa na kutoishika, akamtia hatiani na kumtoza euro 150, pamoja na euro 31 za gharama za kesi ambazo kila aliyetiwa hatiani hulipa. Yote hayakuchukua dakika kumi. Kijana aliuliza kama anaweza kukata rufaa, na jibu lilikuwa kwamba hapana, ana siku tano za kwenda Cour de cassation. Alikuwa amebakiwa na pointi 3. Sijui kama alisema kweli, na hakimu huenda aliona sawasawa. Ninachojua ni kwamba faini ingekuwa euro 151, jaji mwingine angekitazama kifaa kile.

Hebu tuisimamishe hali hii wima na kuitazama. Kwa kosa la daraja la nne lililobishiwa, hakimu anayemtia mtu hatiani kwa kawaida hawezi kushuka chini ya kiwango cha faini ya papo kwa papo, kwa hiyo anaanzia euro 135, na dari yake ni 750. Kati ya 135 na 150 hakuna rufaa. Kuanzia 151 ipo. Upana wa ukanda uliofungwa ni euro 15, na ndani ya ukanda huo ndimo hakimu mpole anamowaweka watu anaowahurumia: wenye kipato kidogo, wenye rekodi isiyo mbaya, waliojieleza kwa heshima. Anayetozwa euro 400 kwa sababu alikuja na kiburi anapewa ngazi ya pili, na anayepunguziwa kwa sababu ni mnyonge ananyang'anywa. Mshtakiwa mwenye pointi chache na akili timamu angekuwa na sababu ya kumsihi hakimu amwongezee faini. Sheria inayompa mtu sababu ya kuomba aadhibiwe zaidi ili asikilizwe tena imepoteza mwelekeo mahali fulani, hata kama kila neno lake limeandikwa kwa nia njema.

Upande wa pili una hoja nzito, na si haki kuzipuuza. Ya kwanza ni ya mikataba. Itifaki ya Saba ya Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu, iliyopitishwa mwaka 1984, inampa kila aliyetiwa hatiani haki ya kupitiwa upya na mahakama ya juu, lakini kifungu chake cha pili chenyewe kinaruhusu makosa madogo yaachwe nje, na alama kuu ya kutambua kosa dogo ni kama linaweza kuleta kifungo. Makosa ya mahakama ya polisi hayaleti kifungo. Zaidi ya hayo, Ufaransa ilipoiridhia itifaki hiyo ilitoa tamko kwamba mapitio yanaweza kuishia kwenye uchunguzi wa kisheria, kama ule wa Cour de cassation. Na kabla ya hapo, ilipojiunga mwaka 1980 na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ilijiwekea hadhari kuhusu haki ya rufaa, ikitaja waziwazi mashauri ambayo mahakama ya polisi inayaamua kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Nao Baraza la Katiba la Ufaransa hawajawahi kuipa kanuni ya ngazi mbili za kesi hadhi ya kikatiba. Kwa hiyo mwanasheria anayesimama na kusema kwamba kifungu cha 546 kinavunja mikataba anasema jambo ambalo maandishi hayamuungi mkono, na huu ndio udhaifu mkubwa wa upande wangu: tunapenda kukimbilia Strasbourg, kwenye Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, mahali ambapo kazi ni ya Bunge.

Hoja ya pili inanigusa zaidi. Mlango uliofungwa umefungwa kwa wote wawili. Mtu wa daraja la nne akiachiwa huru, hakuna faini iliyotamkwa, kwa hiyo upande wa mashtaka hauwezi kumfuata hadi mahakama ya rufaa. Kuachiwa kwake kunasimama, labda kuguswe na Cour de cassation kwa sababu ya kisheria. Usawa huu haukupatikana bure. Zamani kifungu cha 546 kilimpa mwendesha mashtaka mkuu wa mahakama ya rufaa uwezo wa kukata rufaa dhidi ya hukumu yoyote ya polisi, wakati mshtakiwa alibanwa na kizingiti. Tarehe 6 Mei 1997 Cour de cassation ikasema kwamba hali hiyo inavunja usawa wa silaha kati ya pande mbili, na leo mwendesha mashtaka mkuu ameorodheshwa pamoja na wengine chini ya masharti yale yale. Anayetaka kumfungulia mshtakiwa mlango lazima aeleze nani mwingine ataingia nao. Na rufaa ina hatari zake: mshtakiwa akikata peke yake, mahakama ya rufaa haiwezi kumzidishia adhabu, lakini upande wa mashtaka ukijibu kwa rufaa yake, dari ya euro 750 inarudi mezani. Wapo mawakili ambao kwa uaminifu kabisa wangemshauri mteja wao atulie na euro 150 zake. Nakubali. Lakini ushauri wa kutoutumia mlango hauwezi kuwa sababu ya kuupiga kufuli.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile inayosikika mara nyingi zaidi, kwamba mshtakiwa hana sababu ya kulalamika maana Cour de cassation ipo, na kila mtu anaweza kuiendea. Tuitazame kwa karibu. Cour de cassation haisikilizi mashahidi, haipimi ushahidi, haiulizi kama kitu kilichokuwa mkononi kilikuwa simu au kifaa cha vifurushi. Inauliza kama sheria ilitumika sawasawa na kama hukumu ina sababu za kutosha. Pale swali linapokuwa la kisheria, inafanya kazi yake vizuri: Januari 2018, kwa mfano, iliamua kwamba dereva aliyesimamisha gari lake barabarani akiwa na simu mkononi bado anahesabiwa kuwa katika mwendo, isipokuwa kama amelazimika kusimama kwa sababu isiyozuilika. Hilo ni jibu ambalo madereva wote walilihitaji. Lakini mashauri ya mahakama ya polisi, yakiwekwa kando machache, ni mabishano ya jambo lililotokea: nani aliendesha, taa ilikuwa rangi gani, kitu gani kilishikwa. Na juu ya mabishano hayo kifungu cha 537 kimeweka uzito mkubwa upande mmoja, kwa kusema kwamba taarifa ya maandishi ya askari inaaminiwa mpaka kinyume chake kithibitishwe, na kwamba kinyume hicho kinathibitishwa kwa maandishi au kwa mashahidi tu. Neno la mshtakiwa peke yake, hata likiwa la kweli na limesemwa kwa utulivu, haliangushi karatasi. Kanuni kama hiyo inaeleweka, maana bila yake kila faini ingegeuka kesi ya siku nzima. Lakini mahali ambapo sheria imeegemea upande mmoja katika suala la ushahidi, ndipo jicho la pili juu ya ushahidi linapohitajika zaidi. Kumwambia mtu huyo kwamba analindwa na mahakama isiyotazama ushahidi ni kumjibu swali ambalo hakuuliza.

Tena njia yenyewe ni nyembamba. Muda ni siku tano kamili. Ni kweli kwamba mhukumiwa anaweza bado kuandika hoja zake mwenyewe na kuziwasilisha kwa karani ndani ya siku 10 tangu atoe tamko lake, na huo ni ukarimu ambao nchi nyingi hazina. Hata hivyo hoja za cassation ni fani ya peke yake, ina mawakili wake maalumu wenye leseni ya kusimama mbele ya mahakama hiyo na Baraza la Nchi (Conseil d'État, mahakama ya juu ya utawala), na dereva wa vifurushi anayeandika ukurasa mmoja akisema kwamba hakimu hakumwamini ameshindwa kabla ya bahasha kufunguliwa.

Hoja ya mafuriko, kwamba mahakama za rufaa zitazama, inastahili jibu la kweli. Mahakama za rufaa za Ufaransa zimeelemewa, na sitaki kujifanya kwamba jaji anayesikiliza kesi za ubakaji na wizi wa kutumia silaha asubuhi ana nafasi ya kusikiliza kila taa nyekundu mchana. Lakini anayeitoa hoja hii anasahau chujio zilizokwisha kuwekwa kabla ya mahakama. Walio wengi hulipa euro 135 zao, au 90 wakiwahi, bila kubisha. Anayebisha ana siku 45 za kuandika, barua yake inapita kwa ofisa wa mashtaka, na mara nyingi jibu la kwanza ni amri ya adhabu iliyotolewa bila kikao, ambayo mtu ana siku 30 za kuipinga ili aitwe mahakamani. Anayefika kusimama mbele ya hakimu amekwisha kupita milango mitatu. Na chujio hizo zenyewe zilihitaji kurekebishwa na mahakama. Tarehe 29 Septemba 2010 Baraza la Katiba lilisema kwamba ofisa wa mashtaka akikataa malalamiko ya dereva kwa kasoro za kimaandishi, lazima mtu huyo aweze kumfikia hakimu. Na tarehe 8 Machi 2012 Mahakama ya Ulaya iliona Ufaransa imevunja haki ya kufika mahakamani katika mashauri ya madereva ambao malalamiko yao yalizuiwa mezani kwa ofisa. Naona mwelekeo mmoja katika miaka ya 1997, 2010 na 2012: kila mara mfumo wa makosa madogo ulipobanwa kwa ajili ya kasi, alikuja jaji fulani kuuambia kwamba udogo wa fedha si udogo wa haki. Suala la kizingiti cha rufaa linatofautiana na hayo kwa sababu hakuna jaji anayeweza kulitatua, kwa vile mikataba na katiba vimeliacha wazi.

Kuna wanaonijibu kwamba suala la pointi lina mahakama yake, ile ya utawala, na kwamba nachanganya mambo. Ni kweli kwamba dereva aliyepokea barua ya kubatilishiwa leseni anaweza kwenda mahakama ya utawala ndani ya miezi miwili. Anachoweza kuuliza huko ni kama alipewa taarifa ambazo sheria inataka apewe kuhusu pointi, na kama hatia imethibitika kisheria. Hatia hiyo ikiwa imethibitishwa na mahakama ya polisi, mahakama ya utawala haiifungui tena. Kwa hiyo hakimu wa polisi anaamua tukio bila kutamka pointi, mahakama ya utawala inazungumzia pointi bila kugusa tukio, na Cour de cassation inagusa sheria bila kugusa lolote kati ya hayo mawili. Dereva anazungushwa kati ya majengo matatu, na katika kila moja anaambiwa kwamba swali lake ni la jengo jingine. Mahakama ya Ulaya ilikwisha kusema tarehe 23 Septemba 1998, katika shauri dhidi ya Ufaransa, kwamba kuondolewa pointi kuna sura ya adhabu ya jinai; iliona ulinzi unatosha kwa sababu mtu anaweza kumfikia hakimu wa jinai aliye huru kabla ya pointi kuondoka. Hakimu huyo ndiye wa mahakama ya polisi, ambaye kwa kosa dogo lenye faini ndogo ndiye wa kwanza na wa mwisho.

Ninachokitetea si rufaa kwa kila faini. Kelele za usiku zilizotozwa euro 68 na tusi la faraghani lililotozwa euro 38 vinaweza kuishia pale pale, na sioni nani anaumia. Nataka kifungu cha 546 kiongezewe hali ya nne, kando ya kusimamishwa kwa leseni: pale hatia inapopelekea leseni ya mshtakiwa kubatilika. Jibu la kiufundi ninalolisikia ni kwamba hakimu hajui mtu ana pointi ngapi, kwa kuwa hesabu iko wizarani. Lakini dereva mwenyewe ana haki ya kuipata rekodi yake kamili, na mzigo wa kuiambatanisha na tamko la rufaa unaweza kuwekwa juu yake bila kumwonea. Wachache watakaokuwa na karatasi hiyo, yenye pointi 3 au 4 zilizobaki na kosa la kiasi hicho hicho, ndio hao hao ambao faini ya euro 150 haielezi hata kidogo wanachopoteza. Jaji wa rufaa tayari anakaa peke yake kwa mashauri haya, kwa hiyo hakuna jopo la kuundwa. Kama hata hilo linaonekana kubwa mno, njia ya katikati ni kibali: mhukumiwa aandike ukurasa mmoja kueleza tukio analolibishia, na rais wa kitengo aamue kama shauri linastahili kusikilizwa.

Mabadiliko yaliyoanza kutumika Desemba 2025 yameifanya kazi hii iwe ya haraka zaidi. Kwa kulitoa kosa kubwa la mwendokasi katika daraja la tano, Bunge limemhamishia mkosaji mkubwa mahali penye wakili, kikao kizito na rufaa isiyo na kizingiti cha fedha, jambo ambalo ni sahihi kwa mtu anayekabiliwa na kifungo. Aliyepita kilomita 51 juu ya kikomo ana ngazi mbili za kesi. Aliyepita 49 amebaki daraja la nne, anapoteza pointi 4, na ngazi yake ya pili inategemea kama hakimu ataandika 150 au 151.